Mwanamke wa miaka 45 hadi 60: kazi inayomlipa inamlinda afya au inammaliza?

#1 Mama_Kimara

Habari za jioni wakuu.

Hoja yangu naisema bila kuzunguka: mwanamke akishafika miaka 45 na kuendelea, kuwa na kazi yake inayomlipa kunamlinda kiafya kuliko kukaa nyumbani. Siwazungumzii mabinti. Nawazungumzia sisi ambao watoto wameanza kujitegemea, hedhi imeanza kuyumba, presha haitabiriki na magoti yanalalamika kwenye ngazi.

Nimewaangalia wenzangu wa rika hili kwenye kikoba chetu. Wenye ajira au biashara iliyosimama wanatembea, wanapima presha, wana bima, wana sababu ya kuamka na kujiandaa asubuhi. Waliobaki nyumbani, wengi wao, kila tukikutana ni mgongo, usingizi hauji, moyo unaenda mbio. Kuna mmoja sukari yake iligundulika siku alipodondoka msibani.

Shemeji yangu ananibishia. Anasema kazi ndiyo inayowamaliza wanawake, ila hao ninaowaona kazini ni wale ambao bado hawajaishiwa nguvu. Mwenye ushahidi alete, mwenye yaliyomkuta asimulie. Matusi yapelekwe jukwaa la siasa.

#2 Kijana_Mdadisi

Nakaa hapa mbele. Mama yangu ana 52, nitajifunza.

#3 Mwanatakwimu

Mtoa mada, shemeji yako ana hoja nzito. Huwezi kuchukua walioko kazini leo na walioko nyumbani leo, ukawalinganisha, ukasema kazi ndiyo iliyoleta tofauti. Anayeugua sana huacha kazi, au huachishwa. Akishatoka, ugonjwa wake unahesabiwa upande wa nyumbani, na upande wa kazini wanabaki wazima. Mwaka 1885 William Ogle, aliyekuwa akisimamia takwimu za vifo Uingereza, alishaandika kwamba kazi ngumu huchukuliwa na wenye nguvu, na wanaodhoofika hutoka.

Njia ya kulikwepa hilo ni kuanza na watu wakiwa wazima kisha kuwafuata kwa miaka mingi. Utafiti wa moyo wa Framingham, mji mmoja wa Massachusetts huko Marekani, umekuwa ukifanya hivyo tangu 1948. Mwaka 1980 Suzanne Haynes na Manning Feinleib walitoa matokeo ya wanawake wa miaka 45 hadi 64 waliofuatiliwa kwa miaka minane. Ukiwachukua wafanyakazi wote kwa jumla, hawakuugua moyo kwa kiasi kikubwa kuliko mama wa nyumbani. Ukiwachambua ndipo mambo yanapobadilika: waliokuwa makarani na wapiga chapa waliugua karibu mara mbili, 10.6% dhidi ya 5.4% ya mama wa nyumbani. Miongoni mwa makarani hao, waliokuwa hatarini zaidi ni wanaomeza hasira, wenye bosi asiyewaunga mkono, na waliokwama kwenye nafasi ileile bila kusogea.

Kwa hiyo ukiuliza "kazi au nyumbani" utapata jibu lisilokusaidia. Uliza kazi gani, na chini ya nani.

#4 BabaWawili

Mimi naongea kilichotokea ndani ya nyumba yangu. Mke wangu alikuwa mhasibu kwenye taasisi moja hapa mjini. Kuamka saa 10 alfajiri kukwepa foleni ya Mbagala, kurudi saa 2 usiku, na mwisho wa mwezi kufunga hesabu mpaka Jumapili. Kufika miaka 47 presha 170 kwa 110, dawa za aina tatu. Tukakaa, tukapiga hesabu, akaacha kazi. Sasa ana banda la kuku nyuma ya nyumba, mchana akitaka kulala analala, na daktari kampunguzia dawa ikabaki moja.

Mama_Kimara, mke wangu asingeacha kazi leo ningekuwa mjane.

#5 Mchangiaji_Huru

Mwanaume haitwi mjane bwana, anaitwa mgane. Endelea mkuu, tunakusikiliza.

#6 Mama_Kimara

BabaWawili, pole na hongera kwa kumjali mwenzio. Swali dogo: hao kuku anauza au mnakula wenyewe?

#7 BabaWawili

Anauza. Mayai anapeleka maduka ya mtaani, trei kadhaa kwa wiki. Kuku wenyewe wanaondoka sana Desemba.

#8 Mama_Kimara

Basi BabaWawili, mkeo hajaacha kazi inayomlipa. Kamwacha bosi na foleni. Nakuandika upande wangu.

#9 Nesi_wa_Zamu

Nimecheka hapo #8, lakini BabaWawili kagusa jambo. Mimi nina 49, nesi, na nitawaambia kinachoniumiza: zamu ya usiku.

Nikiwa na miaka 30 nilikuwa natoka zamu asubuhi, nalala mpaka saa 9 alasiri, naamka mpya. Sasa hivi natoka saa 2 asubuhi, nafika nyumbani bati limeshapata moto, nafumba macho, na hilo joto la kukoma hedhi linapanda kifuani mpaka shingoni. Shuka linalowa. Nabadilisha, nalala tena, linakuja tena. Nikiingia zamu inayofuata nimelala kwa vipande. Na kwenye wodi yetu wanaopangwa usiku mara nyingi ni sisi wakongwe, maana mabinti wana watoto wa kunyonyesha. Siwalaumu, nami nilibebwa hivyohivyo.

IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 iliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi 2A, mambo ambayo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2019 wakaipitia upya kazi ya usiku, wakaiacha palepale. Saratani ya matiti ni mojawapo ya zilizoangaliwa sana. Kwa hiyo mimi nina mshahara, nina bima, na sina uhakika kama napata faida au hasara.

#10 Mchangiaji_Huru

Nesi, kundi 2A ndilo lenye nyama nyekundu. Usiwatishe watu wakaacha kazi, na nyama choma hawaachi.

#11 Mwanatakwimu

Mchangiaji_Huru uko sahihi kuhusu nyama, iliwekwa hapo 2015. Ila kundi linaonyesha uzito wa ushahidi, halionyeshi ukubwa wa hatari. Vitu viwili vilivyo kundi moja vinaweza kutofautiana sana kwa madhara. Nesi hajakosea kuitaja.

#12 Mwalimu_Chaki

Niko shule ya msingi, darasa la watoto zaidi ya mia. Jambo ambalo hakuna anayeliandika ni choo.

Vipindi vyangu vinaanza saa 2 kasoro. Mpaka mapumziko sina wa kumwachia darasa. Choo cha walimu ni kimoja, kiko ng'ambo ya uwanja, na maji ni ya ndoo. Kwa hiyo asubuhi sinywi maji. Nimejizoesha. Matokeo yake UTI hainiishi, nimekunywa antibayotiki mpaka mfamasia ananifahamu kwa jina.

Halafu ongeza hedhi ya miaka hii. Kabla haijakoma, inakuja kwa fujo: siku nyingine inamwagika kama bomba limepasuka. Mimi nina uvimbe kwenye kizazi, nimeambiwa nisubiri kwa kuwa nakaribia kukoma. Wakati nasubiri, damu ilishuka mpaka nikaongezewa. Siku hizo navaa nguo nyeusi, na mkobani sikosi kanga ya akiba. Nasimama nafundisha sehemu za ua huku nahesabu dakika.

Mama_Kimara, afya unayoiona kwa wafanyakazi wakija kikoba ni ya nje. Wamejipaka mafuta.

#13 Kijana_Mdadisi

Mwalimu, pole sana. Kwani hiyo hali inatakiwa ianze na miaka mingapi? Mama alianza jasho akiwa na 44, dada yangu akasema amelogwa.

#14 Nesi_wa_Zamu

Hajalogwa. Wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na dalili huweza kutangulia kwa miaka kadhaa kabla haijakoma, kwa hiyo 44 si ajabu. Ikikoma kabla ya 40 ndiyo inaitwa mapema mno na anatakiwa kuonana na daktari. Mwalimu, damu nyingi kiasi cha kuongezewa usiendelee kusubiri tu, rudi kwa daktari wa wanawake. Na mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu tena asiseme "imerudi". Aende akapimwe wiki hiyohiyo.

#15 Ummu_Tanga

Nasoma tangu #1 na moyo unaniwaka.

Mimi ndiye huyo aliyebaki nyumbani. Mama mkwe wangu kapooza upande mmoja. Namgeuza kitandani usiku asipate vidonda, namwogesha, namlisha, namvika. Ni mtu mzito. Mgongo wangu umeishia hapo. Kuna wajukuu watatu ambao mama zao wanatoka alfajiri kwenda kazini, nabaki nao mimi. Maji yakikatika nachota mimi. Siku yangu haina kusaini kutoka.

Mama_Kimara, hao wenzio wa kikoba wanaokulalamikia mgongo, uliwahi kuwauliza wanainua nini? Na hao walioajiriwa unaowasifia kwamba wanatembea vizuri, nyumbani kwao amebaki nani?

Halafu kuna la hela. Hela ya mboga napewa. Hela ya kipimo siipati mpaka nieleze kinauma wapi, kimeanza lini, na kwa nini juzi sikusema. Ukishaeleza mara mbili tatu, ya nne unanyamaza na maumivu yako.

#16 Mama_Kimara

Ummu_Tanga, dada yangu, pole, na asante kwa kuja. Hilo la hela ya kipimo ndilo ninalolipigania. Ungekuwa na ya kwako usingejieleza kwa mtu.

#17 Mwanatakwimu

Aliloandika #15 limepimwa, na linastahili kusomwa na wanaume wote humu.

Kuna utafiti wa watumishi wa serikali wa London ulioanza mwaka 1985, unaitwa Whitehall II. Watu 10,308 wa miaka 35 hadi 55, karibu theluthi wanawake. Michael Marmot na wenzake walionyesha kwamba kadiri cheo kinavyoshuka ndivyo ugonjwa wa moyo unavyoongezeka, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaenda na jambo moja: mtu ana kauli kiasi gani juu ya kazi yake mwenyewe, aanze na nini, apumzike saa ngapi. Mwaka 2004 Tarani Chandola na wenzake wakaangalia jambo hilohilo nyumbani. Wanawake walioona hawana kauli juu ya mambo ya nyumbani kwao waliugua moyo zaidi. Kwa wanaume uhusiano huo haukuonekana.

#18 BabaWawili

Kwa hiyo kosa letu tena.

#19 Shangazi_Dodoma

BabaWawili tulia, wewe ulimsikiliza mkeo akaacha kazi akafuga kuku. Umo kwenye upande mzuri wa utafiti.

#20 Mtu_wa_Jambiani

Asalaam aleikum. Mie naona mnazungumza habari za ofisi tu. Njooni pwani ya mashariki Unguja.

Huku mwani umeanza kulimwa kibiashara 1989, Paje na Jambiani, na wengi wanaolima ni wanawake, wengi wao watu wazima. Ni kazi ya malipo hiyo, wanauza kwa kilo. Wakati unaanza, kila mtu akiusifu: wanawake wamepata hela yao, wanajenga, wanasomesha. Ni kweli, mama yangu kanisomesha kwa mwani.

Lakini muone kazi yenyewe. Maji yakitoka wanaingia, wamejipinda kiunoni, wanafunga mbegu moja moja kwenye kamba, jua kichwani na mwangaza wa maji machoni. Wakirudi, mzigo wa mwani mbichi kichwani, unachuruzika chumvi mgongoni. Macho yao mekundu mwaka mzima. Miguu imekatwa na makombe. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Sara Fröcklin na wenzake, wakiwemo Narriman Jiddawi na Flower Msuya, watafiti wa hukuhuku. Wakulima wa mwani walisema afya zao ni duni: uchovu, maumivu ya viungo, njaa, kifua, macho, majeraha ya wadudu wa baharini, mzio. Na kipato chenyewe kilikuwa chini ya mstari wa umaskini uliokithiri.

Na sasa bahari imepata joto. Kotonii, ule wenye bei nzuri, unaoza kwenye kina kifupi, umebaki spinosamu wa bei ndogo. Mwenye chombo anaufuata kina kirefu. Mama wa miaka 55 asiyejua kuogelea haufuati. Kwa hiyo kazi inayolipa nayo inaweza kukutafuna ikakulipa kidogo.

#21 Mama_Kimara

Mtu_wa_Jambiani, hili limenigusa. Je, mama yako angeambiwa aache angeacha?

#22 Mtu_wa_Jambiani

Nshamwambia. Kanijibu, "Nikae niangalie mlango?" Kaingia majini leo asubuhi.

#23 Afisa_Utumishi_Mkoani

Nichangie upande wa sheria maana naona wengi wanaumia kwa kutojua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Wanawake wa rika hili wanakuja kwangu kuomba "ruhusa kidogo" kama wanaomba msaada, au wanakata siku za likizo ya mwaka kwenda kutibiwa uvimbe. Ni haki yako, idai.

Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua 5% ya mshahara wa msingi. Wengi hawalipwi na hawaulizi.

#24 Mtu_wa_Jambiani

Afisa, sema "Tanzania Bara". Zanzibar tuna sheria yetu ya ajira ya 2005. Na huyo mlima mwani haguswi na sheria yoyote kati ya hizo mbili, hana mwajiri.

#25 Afisa_Utumishi_Mkoani

Ni kweli, Bara. Shukrani.

#26 Wanjiku_Nakuru

Hamjambo majirani. Siku 126? Huku Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, isipokuwa mwajiri wako aongeze kwa hiari yake. Mwanamke anayefanyiwa upasuaji wa kutoa kizazi anahitaji wiki kadhaa. Mimi nilirudi kazini nikitembea nimejishika tumbo.

Wale Wazambia wametushinda: sheria yao ya 2019 inampa kila mfanyakazi mwanamke siku moja kwa mwezi, wanaiita Siku ya Mama, na haulizwi cheti.

Na bima, tangu Oktoba 2024 tumetoka mfuko wa zamani, NHIF, tukaingia mpya, SHA. Walioajiriwa wanakatwa 2.75% ya mshahara moja kwa moja. Wasioajiriwa wanatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Mama wa kuuza mboga atoe wapi ya mwaka mzima kwa siku moja? Hapo Mama_Kimara namuunga mkono: mwenye payslipu anaingia hospitalini, asiye nayo anasubiri hali izidi.

#27 Mama_Kimara

Wanjiku, umelisema vizuri kuliko mimi. Na huku Tanzania mfuko wetu wa bima nao unaitwa NHIF, na bima ya mwajiriwa inamchukua yeye, mwenza na wategemezi wanne. Mama wa nyumbani anatibiwa kwa kadi ya mume. Mume akiachishwa kazi, au akimwacha mke, kadi inaondoka naye.

#28 Mama_Lishe_Gongolamboto

Jamani mnazungumzia payslipu na likizo ya ugonjwa. Sisi tuhesabuni wapi, walioajiriwa au wa nyumbani?

Nina miaka 51. Naamka saa 9 usiku, naloweka maharage tangu jana yake, saa 10 moto umewaka. Wali, maharage, dagaa, chapati, chai. Wateja wa kwanza ni makonda na madereva, wanataka chai saa 11. Tangu nianze ni mkaa na kuni, nimepata gesi juzijuzi, mtungi mdogo, nao kwa sufuria la maharage haufui dafu, narudi kwenye mkaa. Kifua kinabana, asubuhi nakohoa mpaka nashika ukuta. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, wanataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa. Nauombea ufike, lakini bei ya kujaza mtungi ndiyo itakayoamua.

Kinachonipandisha presha hasa ni marejesho, moshi unafuata. Nilichukua ile mikopo ya kausha damu. Kila siku jioni kijana anakuja na daftari, mvua inyeshe, wateja wasije, anakaa kwenye benchi langu mpaka apewe. Kuna siku alibeba masufuria yangu mbele ya wateja. Usiku huo sikulala, mkono wa kushoto ulikuwa na ganzi, nikajua nimekwisha. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambamo nne ni za wanawake, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Katikati hapo ndipo wengi wetu tulipoangukia kwenye kausha damu.

Kwa hiyo nina hela yangu, naam. Mama_Kimara, hela yangu ina mwenyewe kabla sijaishika.

#29 Shangazi_Dodoma

Mama Lishe, pole dada. Ganzi ya mkono wa kushoto ulipimwa moyo?

#30 Mama_Lishe_Gongolamboto

Nilipima presha duka la dawa ikawa 180. Nikanunua vidonge vya wiki moja. Vikaisha nikapata nafuu.

#31 Nesi_wa_Zamu

Dada, hapana. Presha haina "nafuu" ya kuihisi. Kikomo ni 140 kwa 90, na wewe ulikuwa mbali sana. Dawa za presha hazinywewi wiki moja ukaacha. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, kabla ya kuwasha moto au baada ya kumaliza mchana, useme na hilo la ganzi. Na wote humu: baada ya hedhi kukoma, ule ulinzi wa homoni ya estrojeni kwa moyo na mifupa unapungua. Wanawake wengi wanaamini ugonjwa wa moyo ni wa wanaume wenye vitambi. Dalili zetu mara nyingine ni uchovu wa ghafla, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo, na tunasema ni vidonda vya tumbo.

#32 Mlonge_Asilia

Presha inatibika kabisa kwa unga wa mlonge, habat soda na maji ya ndimu. Nijie inboksi.

#33 Nesi_wa_Zamu

Mama Lishe, usiende inboksi. Nenda kituoni.

#34 Shangazi_Dodoma

Mlonge kwenye mboga ni mtamu, tule. Vidonge tusiache.

#35 Mlezi_Birmingham

Salamu kutoka Uingereza. Nina 53, kazi yangu ni kuhudumia wazee nyumbani kwao. Ummu_Tanga, hicho unachomfanyia mama mkwe wako mpaka mgongo umeisha, mimi nalipwa kwa saa kukifanya. Kazini kwetu hatumnyanyui mtu mzima kwa mikono peke yetu: kuna mashine ya kunyanyulia na kwa kawaida tunakuwa wawili. Wewe unafanya peke yako, bure, na watu wanaita kukaa nyumbani. Nilipoisoma #15 nililia.

Kuhusu dalili za kukoma hedhi: England, tangu Aprili 2023, kuna cheti cha malipo ya awali cha dawa za homoni, unalipa chini ya pauni 20 kwa mwaka mzima. Zimenisaidia usingizi ukarudi. Sijui huko zinapatikanaje.

#36 Nesi_wa_Zamu

Zinapatikana kwa baadhi ya wataalamu na hospitali kubwa, ghali kwa wengi. Na wengi wanaziogopa kwa sababu ya ule utafiti wa Marekani uliosimamishwa Julai 2002 baada ya kuonekana saratani ya matiti na matatizo ya moyo yameongezeka. Ila wanawake wale wastani wao ulikuwa miaka 63, wengi hedhi ilikoma zamani. Kwa mwenye 50 hesabu ni tofauti, na daktari anaangalia mtu na mtu. Asijinunulie.

#37 Shemeji_Mbishi

Mimi ndiye shemeji wa mtoa mada. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu.

Naongeza la tatu ambalo hamjaligusa. Shule. Msichana aliyefika kidato cha nne miaka ya 1980 alichelewa kuolewa, alizaa wachache, alijua kusoma maandishi ya kliniki, na ndiye aliyepata ajira. Aliyeishia darasa la saba, au hakwenda, alizaa saba, damu ikapungua kila mimba, akalima, akabeba kuni, na leo ndiye "wa nyumbani". Mnapima miaka 50 wakati tofauti ilianza wakiwa na 15. Ajira na afya vyote viwili vimetoka kwenye mlango mmoja, ndiyo maana vinaonekana vinaongozana.

#38 Mwanatakwimu

Hoja nzuri sana. Watafiti hujaribu kuisawazisha kwa kulinganisha wenye elimu sawa, na tofauti hupungua. Nani atakayeapa kwamba wamesawazisha kila kitu? Mimi siapi.

#39 Mama_Kimara

Shemeji, karibu, ila mama yangu aliishia darasa la nne, akauza samaki Feri mpaka miaka 68, na hakuwahi kulazwa.

#40 Shemeji_Mbishi

Na alikuwa na kauli juu ya samaki wake, soma #17. Sasa umehamia kwangu.

#41 Mstaafu_Mtarajiwa

Wakubwa, nina 57, mtumishi wa umma. Kwa hiari ningeondoka nikiwa na 55, lazima ni 60. Nimebaki kwa sababu ya bima na watoto wawili walio chuo. Rafiki zangu wawili walioondoka kwa hiari, mmoja amenawiri, analima matunda Muheza. Mwingine aliyekuwa mkuu wa idara alikaa nyumbani, simu ikanyamaza, ndani ya mwaka akawa mtu wa dawa za usingizi. Walikuwa na cheo kimoja na mafao yanayokaribiana. Nani anieleze hapo?

#42 BabaWawili

Mmoja alikuwa na shamba la kwenda.

#43 Ummu_Tanga

Au mmoja hakuwa na mama mkwe wa kugeuza.

#44 Mwalimu_Chaki

Nirudi kidogo. Niliondoka na ushauri wa #14, nikaenda kwa daktari wa wanawake. Nimepangiwa upasuaji. Wakati wa kusubiri wakanipima na shingo ya kizazi, kipimo cha siki: wanapaka, wanaangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe, dakika chache umemaliza, na majibu unaondoka nayo. Niko salama. Lakini huduma hiyo pale kwetu ni Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi, saa zilezile ninazokuwa darasani. Nimepita hapo miaka yote bila kuingia. Kansa hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini mwetu.

#45 Ummu_Tanga

Mwalimu, alhamdulillah. Mimi saa hizo niko nyumbani na kituo kiko hatua chache. Sikuwahi kwenda kwa kuwa hakuna wa kumwachia mgonjwa.

#46 Shangazi_Dodoma

Kuna anayejua kituo cha Tanga mjini kinachopima Jumamosi? Na Ummu, una ndugu wa mume hata mmoja anayeweza kukaa na mama yake asubuhi moja?

#47 Ummu_Tanga

Wawili. Wote wanaume, wote wapo mjini. Nitawapigia leo usiku, na nitaleta majibu yao humuhumu.